Kumpeleka Mzee Uganda Tena: Mwongozo wa Safari ya Kumbukumbu kwa Wapiganaji wa Vita vya Kagera

Kijana wa Kitanzania aliyevuka mpaka wa Mutukula Januari 1979 kwenda kupigana na majeshi ya Idi Amin wa Uganda, akiwa na miaka 20, leo anakaribia sabini. Waliokuwa masajini na makoplo wenye familia wakati ule wameshaipita zamani. Wengi wao hawajakanyaga Uganda tangu malori yalipowarudisha nyumbani. Walikwenda kwa miguu kutoka ukingo wa mto Kagera hadi Kampala, wengine hadi Arua, kisha wakarudi kwenye migomba, pamba na ng'ombe wao, na vita ikabaki kuwa maneno machache wanayoyasema Siku ya Mashujaa redio inapowashwa.

Nawaandikia watoto, wajukuu na wapwa wa wazee hao. Kama mzee wako amewahi kusema, hata mara moja, kwamba angependa kuiona tena Masaka au Lukaya kabla ya kufa, mpeleke. Usisubiri mwaliko. Uganda huadhimisha ukombozi tarehe 26 Januari, siku ambayo NRM, harakati ya Yoweri Museveni, iliitwaa Kampala mwaka 1986. Tarehe 11 Aprili, siku Kampala ilipoanguka mikononi mwa JWTZ, jeshi letu la Tanzania, na wapiganaji wa UNLA, jeshi la Waganda waliompinga Amin, mwaka 1979, haimo katika orodha ya sikukuu za taifa hilo. Kwa hiyo msitegemee kukuta jukwaa na gwaride vinawangoja. Kumbukumbu mtaipanga wenyewe, mahali alipopigana yeye, na kwa majina ya watu aliowajua yeye. Kwa maoni yangu hiyo ina uzito kuliko jukwaa, ila inataka maandalizi.

Hatua ya kwanza: muulize, kisha nyamaza

Usimshtukize mzee na tiketi. Wapo wasiotaka kabisa kurudi, na wana haki hiyo. Mkae mahali patulivu, asubuhi, wakati bado ana nguvu, umuulize maswali mepesi yenye majibu ya moja kwa moja: Ulikuwa kikosi gani, brigedi gani? Kamanda wenu wa kombania alikuwa nani? Mlivukia wapi? Mlilala wapi usiku wa kwanza ndani ya Uganda? Ukianza na "ilikuwaje vitani?" utapata jibu la "ilikuwa vita tu, mwanangu" na mlango utafungwa.

Chukua daftari. Andika kila jina la mahali kama anavyolitamka, hata likikupa shida kulipata kwenye ramani. Andika majina ya wenzake waliokufa, kila mmoja na kwao: wa Tarime, wa Songea, wa Unguja. Majina hayo ndiyo mtakayoyasoma kule, na ndiyo moyo wa safari nzima.

Ukiona mikono inatetemeka au anarudia tukio lilelile bila kutoka, funga daftari, leta chai. Wazee hawa walirudi bila mtu wa kuwauliza wanalalaje. Waulize mama au bibi nyumbani kama anapiga kelele usingizini. Wao ndio wanaojua. Kama hali ni nzito, zungumza na daktari kabla ya kupanga lolote.

Hatua ya pili: chora njia ya kikosi chake

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, zinampeleka mzee Kampala moja kwa moja kwa sababu Kampala ndiyo inayojulikana. Vita ilikuwa na njia zaidi ya moja. Kikosi kikubwa cha Divisheni ya 20 chini ya Meja Jenerali David Musuguri kilipita Mutukula, Kyotera, Masaka, Lukaya na Mpigi hadi Kampala. Upande wa magharibi, Brigedia Silas Mayunga aliongoza wapiganaji walioiteka Mbarara mwishoni mwa Februari 1979, kisha wakaendelea kaskazini kupitia Fort Portal. Mzee aliyekuwa kwa Mayunga huenda hakuiona Lukaya kamwe. Ukimsimamisha pale umwambie akumbuke, unampa kumbukumbu ya mtu mwingine.

Kwa wa njia ya Mbarara, hasa mkitokea Karagwe au Kyerwa, angalia mpaka wa Murongo, unaovuka mto Kagera kuingia Kikagati. Utawapunguzia mzunguko mkubwa. Waliofika Gulu, Lira au Arua wapange safari ya pekee. Kutoka Kampala hadi Arua ni kilomita zipatazo 500, na mgongo wa miaka sabini haupaswi kuunganisha hayo na siku mbili za barabara kutoka Bukoba.

Sehemu iliyobaki ya mwongozo huu nitaifuata njia ya Masaka, ndiyo waliyopita wengi.

Hatua ya tatu: tarehe

Tarehe zenye maana kwa njia hii ni hizi: Mutukula, 21 na 22 Januari, Masaka, 24 Februari, Lukaya, 10 na 11 Machi, Entebbe, 7 Aprili, Kampala, 10 na 11 Aprili. Mapigano yalimalizika rasmi tarehe 3 Juni 1979, majeshi yetu yalipofika mpaka wa Sudan.

Mzee atapenda tarehe yenyewe. Lakini Machi na Aprili ni msimu wa mvua, pande zote mbili za mpaka, na Lukaya imezungukwa na kinamasi. Kama mzee ana magoti mabovu au kifua, nashauri Julai. Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa kwetu. Mnaweza kuanzia na mashujaa waliozikwa Kaboya, kisha kesho yake mkavuka mpaka barabara ikiwa kavu. Epukeni siku za mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni kama hamwendi kuhiji Namugongo. Tarehe 3 Juni ni siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji kutoka Tanzania hufurika Mutukula, na nyumba za wageni za Kampala hujaa.

Hatua ya nne: karatasi

Mtanzania hahitaji viza kuingia Uganda, ila kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi. Mzee anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria ambayo Uhamiaji huitoa kwa safari za nchi jirani. Kwa safari moja tu hati ya dharura inatosha, na ni nafuu.

Anza miezi mitatu kabla. Matatizo ya wazee hawa yanafanana. Cheti cha kuzaliwa hana, kwa hiyo mtatafuta kiapo. Jina la jeshini silo lililoko NIDA: jeshini aliandikishwa kwa jina la ubatizo na la baba, NIDA wakaandika la ukoo. Alama za vidole zimefutika kwa jembe la mkono na mashine haizisomi. Hakuna hata moja lisilotatulika, ila kila moja linakula wiki zake, na mzee hapaswi kusimama foleni wakati linatatuliwa. Nenda wewe kwanza ofisini, ulizia, jaza fomu, mlete yeye siku ya picha na vidole tu.

Kama ana kadi ya kuachishwa jeshi, cheti cha nishani au picha ya kikosi, toa nakala. Mpakani hazihitajiki, lakini zitasaidia ukiomba kibali cha kuingia eneo la jeshi au ukitafuta msaada ubalozini. Waliokuwa mgambo mara nyingi hawana karatasi yoyote ya vita, wakati mgambo walikuwa sehemu kubwa ya jeshi lile. Waombe chama cha wanajeshi wastaafu wilayani kwenu au mwenyekiti wa kijiji barua fupi ya utambulisho. Mgambo alikufa Lukaya kama askari wa kawaida, na barua yake iandikwe kwa heshima ileile.

Andikeni barua nyingine kwa Ubalozi wa Tanzania Kampala, mwezi mmoja kabla, mkieleza mnakuja lini, wangapi, na mnataka kufika wapi. Hata wasipowapokea, watajua mpo. Mkitaka kuingia kambi yoyote ya jeshi la Uganda, maombi yapitie huko huko ubalozini. Msijaribu getini.

Hatua ya tano: afya

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano hudaiwa mpakani. Mtu aliyevuka miaka 60 na hajawahi kuchanjwa amwone daktari kwanza, kwa sababu katika umri huo chanjo hii ina hatari zaidi kuliko kwa kijana, na daktari ndiye wa kuamua, au kumwandikia cheti cha kumsamehe chanjo. Kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, halafu ni ya maisha. Kwa hiyo msichanje juzi na kusafiri kesho.

Dawa za presha na sukari zibebwe za siku zote za safari na wiki moja ya ziada, ndani ya pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Zikae kwenye mfuko wa mkononi, si kwenye buti la basi. Bima ya nyumbani msiitegemee ng'ambo ya mpaka. Wekeni fedha ya hospitali pembeni, isiguswe kwa nauli wala zawadi.

Kuhusu tezi dume nitasema wazi, maana wazee hawatasema. Mzee wa umri huu anahitaji kujisaidia mara kwa mara, na kwenye basi la abiria atajinyima maji siku nzima ili asimsumbue dereva. Akifika atakuwa na kizunguzungu, na ninyi mtadhani ni huzuni. Kama uwezo upo, kodini gari ndogo kutoka Bukoba na msimame kila baada ya saa moja na nusu. Miguu nayo itapona uvimbe. Na kwa wale mizinga iliwaharibia masikio, kaa upande wa sikio linalosikia.

Hatua ya sita: mavazi na nishani

Kombati ibaki nyumbani. Hata kofia ya mabaka, hata mkoba wa mgongoni wa mabaka wa mjukuu, acheni. Sheria ya Uganda inakataza raia kuvaa au kumiliki mavazi ya jeshi, na bereti nyekundu nazo zimewekwa kwenye orodha hiyo. Mzee atavaa suti au kanzu na koti. Nishani azivae kifuani siku ya kumbukumbu yenyewe. Siku nyingine zikae ndani ya kitambaa kwenye mfuko wake wa ndani.

Viatu viwe vile alivyozoea. Familia hupenda kumnunulia mzee viatu vipya kwa safari, naye anakaa siku nne na malengelenge bila kulalamika, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Hatua ya saba: anzeni Kaboya

Wengi wa askari wetu waliokufa katika vita ile wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Mkija kwa barabara kutoka Biharamulo, mnapita wilaya hiyo kabla ya Bukoba. Ni eneo la jeshi, kwa hiyo ombeni ruhusa mapema kupitia ofisi ya wilaya au ya mkoa.

Kaboya itangulie Uganda, isiwe mwisho. Mzee akishasimama kwenye makaburi na kumpata mwenzake, au asimpate, anavuka mpaka akijua anakwenda kuangalia nini. Mpe nafasi atembee peke yake kati ya safu za makaburi. Kaa umbali wa kumsikia akiita. Shada la maua liwekwe hapa. Huko mbele msitegemee kukuta kaburi la kuliwekea.

Wanaotoka mbali, Dar es Salaam, Mtwara, Zanzibar, wasije kwa basi moja mfululizo. Laleni Mwanza, au pandeni meli usiku kwenda Bukoba kama inafanya safari wiki hiyo. Mkifika Bukoba pumzikeni siku nzima kabla ya lolote.

Hatua ya nane: Kyaka na Mutukula

Kutoka Bukoba hadi Mutukula ni kilomita zipatazo 80 za lami. Njiani mnafika Kyaka, kwenye daraja la mto Kagera. Daraja la wakati ule lilivunjwa na majeshi ya Amin mwanzoni mwa Novemba 1978, baada ya kuvamia mwishoni mwa Oktoba na kutangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto ni ya Uganda. Jeshi letu lilivuka kurudi ng'ambo kwa daraja la kuelea. Simamisheni gari kabla ya daraja, pembeni kabisa, mzee ashuke autazame mto. Hapa ndipo wazee wengi wanapoanza kuongea bila kuulizwa. Yapo magofu ya kanisa lililopigwa kwa mabomu; waulizeni wenyeji, watawaonyesha.

Kabla ya kuondoka Kyaka ongea na watu wazima wa pale. Wao walikimbia na watoto mgongoni, ng'ombe wao wakachukuliwa, ndugu zao wakauawa. Mzee wako alikuja kwa ajili yao. Wakilijua hilo, watamwambia wenyewe shikamoo na asante, na hakuna hotuba ya waziri itakayofikia hapo.

Mutukula siku hizi ina kituo cha pamoja cha mpakani: mnagonga mihuri ya nchi mbili ndani ya jengo moja. Mkikuta foleni ndefu, mwambie ofisa kwa upole kwamba una mzee. Mara nyingi watamtanguliza. Badilisheni fedha kwenye duka la kubadilishia, si kwa kijana anayewafuata garini. Msipige picha za kituo.

Mzee akikaa kimya Mutukula, muache. Baada ya vita ya tarehe 21 na 22 Januari mji huo mdogo ulibomolewa na askari wetu kwa hasira ya yaliyotendwa Kagera. Yeye analijua hilo kuliko wewe.

Hatua ya tisa: Masaka, mji wa kusikiliza

Kutoka mpakani hadi Masaka ni takriban kilomita 90. Laleni hapo usiku wa kwanza.

Masaka ilipigwa kwa mizinga, na ilipotekwa tarehe 24 Februari 1979 majengo mengi yalilipuliwa kulipiza kisasi cha Kagera. Mbarara nayo ilipata yaliyofanana na hayo. Watu wa Masaka wenye umri wa mzee wako wanakumbuka mambo mawili kwa pamoja: askari waliowaondolea Amin, na nyumba ya baba iliyoanguka. Msiwataje kama watu wanaodaiwa shukrani. Mwambie mzee kabla hamjafika, na wajukuu nao waambiwe, kwamba hapa tunasalimia kwanza, tunasikiliza, kisha kama tukiulizwa tunaeleza. Nimewaona wazee wakishikana mikono hapo bila kukumbushana nani alimpiga nani, na nadhani walielewana vizuri zaidi kuliko sisi tuliokuwa tunapiga picha.

Kiswahili kitumieni kwa tahadhari. Buganda wapo watu wazima wanaokisikia kama lugha ya askari waliowapora vizuizini, wa Amin na wa waliomfuata. Anzeni kwa salamu yao: asubuhi "Mwasuze mutya, ssebo", au "nnyabo" kwa mama, na "Webale nnyo" kwa kushukuru. Wakishajua mmetoka Tanzania, wengi wenyewe watahamia Kiswahili, na wengine watakumbuka jina walilowaita askari wetu mwaka ule, bakombozi.

Baadhi ya wazee wana mtu wanayemtafuta. JWTZ ilibaki Uganda hadi mwaka 1981, na katika miaka hiyo watu walipendana, walioana, walizaa. Kama mzee amekudokeza jina la mwanamke au la mtoto, usilitaje barabarani wala mbele ya wajukuu. Tafuteni kupitia mtu mmoja mwaminifu wa eneo lile, kiongozi wa kanisa au msikiti, na mzungumze kwanza na huyo mtu anayetafutwa kabla ya mzee kufika mlangoni. Ana maisha yake, na ana haki ya kukataa.

Hatua ya kumi: Lukaya

Kama mna nguvu ya kumbukumbu moja tu, ifanyeni Lukaya.

Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo wengi, ilipigwa na roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Wengi hawakuwahi kusikia kitu kama kile. Safu ilivunjika, watu wakarudi nyuma gizani. Usiku ule Brigedi ya 208 ilizunguka mbali ili itokee nyuma ya adui, upande wa barabara ya Kampala. Alfajiri ya tarehe 11, 201 waliojipanga upya walipiga kutoka mbele na 208 kutoka nyuma, na jeshi la Amin na Walibya likavunjika. Baada ya siku hiyo Kampala ilikuwa suala la muda. Mzee aliyekuwa 201 anabeba usiku ule wa kukimbia mpaka leo, wakati mwingine kwa aibu. Mkumbushe asubuhi yake: walirudi.

Namna ya kufanya:

Toka Masaka mapema, mfike kabla jua halijawa kali. Nendeni moja kwa moja kwa mwenyekiti wa LC1, kiongozi wa mtaa, mjitambulishe na kumweleza kilichowaleta. Hili lisirukwe, ukishapata baraka ya LC1, hakuna atakayewauliza mnafanya nini. Mkiwa kundi kubwa la watu kadhaa wa kadhaa, pitieni na kituo cha polisi. Mwombeni mwenyekiti awaitie wazee wawili watatu waliokuwepo 1979.

Msisimame kwenye tuta la barabara linalokatiza kinamasi cha Lwera. Malori ya mchanga na ya masafa yanapita pale kwa kasi. Tafuteni mahali pa juu, kando, panapoonekana kinamasi na barabara, na mwenye shamba aombwe ruhusa.

Mzee akae kwenye kiti. Kama wapo wapiganaji zaidi ya mmoja, aliyekuwa na cheo kikubwa zaidi ndiye aanze, kama jeshini. Soma majina kutoka kwenye daftari, polepole, kila jina na kwao. Baada ya kila jina mzee aitikie anavyotaka. Wapo wanaosema "yupo", wapo wanaopiga saluti tu. Dua isomwe na sala isomwe, hata kama familia yenu ni ya dini moja, kwa sababu handakini walilala pamoja. Kisha kimya. Msiweke wimbo wa simu. Mpeni mwenyeji neno la mwisho, naye ataje wa kwao waliokufa siku hizo. Bila hilo mtakuwa mmekwenda kwa watu kufanya yenu na kuondoka. Saa moja inatosha kwa yote.

Msichimbe, msisimike kibao, msiache bendera.

Baadaye muwe na chakula. Lukaya ina wachuuzi wa kando ya barabara wanaokimbilia madirisha ya magari na mishikaki, kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi mbivu za kuchoma, bado za moto. Keti na wenyeji mle pamoja, mlipe ninyi. Hapo ndipo utasikia habari za milio ya "Saba Saba", jina ambalo raia waliipa mizinga yetu ya roketi, kutoka kwa mtu aliyekuwa upande uliokuwa ukipigwa, na mzee wako aliyekuwa upande uliokuwa ukipiga ameketi ubavuni mwake na kipande cha kuku mkononi. Washa kinasa sauti cha simu, uombe ruhusa kwanza.

Hatua ya kumi na moja: Kampala, kama bado ana nguvu

Kutoka Lukaya ni kilomita zipatazo 100, na foleni ya kuingia jijini ni ndefu. Mzee aliyechoka mrudisheni Masaka alale, mwende kesho yake au msiende kabisa. Safari imeshatimia.

Mkifika, mzee hataitambua Kampala. Alichokiona yeye ni mitaa iliyofungwa, maduka yaliyovunjwa, na watu waliojitokeza kushangilia siku ya 11 Aprili. Mpeleke Mengo, kwenye kasri la Kabaka. Ndani ya uwanja wake kuna vyumba vya chini vya silaha ambavyo utawala wa Amin uliwafungia na kuwaulia watu, na wageni huongozwa kuviona. Wapo wazee waliopigana miezi mingi bila kuonyeshwa walichokuwa wanakipigania, wakakiona hapo. Mwenye moyo au presha isiyotulia abaki nje bustanini. Mle ndani hewa ni nzito.

Entebbe ni kwa waliopigana Entebbe. Kololo na makao mengine ya serikali au jeshi, tazameni mkipita, kamera iwe chini.

Hatua ya kumi na mbili: baada ya kurudi

Wiki mbili za kwanza asilale peke yake nyumbani. Ndoto zinaweza kurudi kwa muda. Akitaka kusimulia jambo lilelile kila jioni, asikilizwe kila jioni. Akiacha kula au kulala, hospitali.

Halafu kuna kazi ya daftari. Kila jina mlilolisoma Lukaya lina familia mahali fulani, na nyingi za familia hizo hazijawahi kuambiwa mtoto wao alifia wapi hasa. Zitafuteni kupitia vijiji vyao mlivyoviandika, kupitia parokia, misikiti na vyama vya wastaafu. Wapelekeeni picha ya mahali, tarehe, na sauti ya mzee akieleza alivyomjua. Kama mnaweza kwenda, nendeni naye akaseme mwenyewe. Nakala moja ya maelezo yake mpelekeeni mwalimu wa historia wa shule ya sekondari iliyo karibu, nyingine iwekwe kwenye ofisi ya kata, na daftari lenyewe likae na mjukuu anayependa kusoma.